Matabishi Katika Mchele wa Kanisa

Niliwahi kuwa mtu muhimu kwa muda wa msimu mmoja wa mchele. Sijafikia umuhimu ule tena, ingawa baadaye nilikwenda chuo kikuu na nikapewa karatasi yenye muhuri kuthibitisha kwamba nilikwenda. Cheo changu kilikuwa karani wa Kamati ya Uangalizi wa Mali ya Kanisa, katika misioni moja upande wa Kasongo, kwenye barabara ya kwenda Kabambare. Wabelgiji walikuwa bado wanatutawala, na hakuna aliyewaona wakinunua kamba za kufungia masanduku ya safari.

Kamati ilizaliwa kwa amri. Wakubwa wa Padri wetu walitaka kila misioni iwe na Wakristo wenyeji wa kuangalia fedha, ili tujifunze taratibu za watu waliostaarabika. Padri alikuwa Mflemi wa huko Ubelgiji, mwenye ndevu nyekundu, mchapakazi, mtu ambaye mapumziko yake yalikuwa kufungua injini ya pikipiki na kuifunga tena. Alitaka wajumbe watatu. Wa kwanza alikuwa Mama Mkubwa, mjane aliyeongoza chama cha akina mama, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto bila kusimama. Wa pili nilikuwa mimi, moniteri, yaani mwalimu, wa darasa la tatu, niliyechaguliwa kwa sababu nilijua Kifaransa na nilikuwa na tai. Nafasi ya tatu Padri aliiacha wazi. Mama Mkubwa alisema imewekwa kwa ajili ya Roho Mtakatifu, ambaye kwa kadiri nijuavyo hakuhudhuria kikao hata kimoja.

Uangalizi ulikuwa kuangalia, kama jina lenyewe linavyosema. Kila Jumatatu baada ya misa Padri alifungua sanduku la sadaka, akahesabu, akafunga, akatuuliza, "Mumeona?" Tukajibu kwamba tumeona. Kisha mimi niliandika kwa Kifaransa safi kwamba tumeona. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimechoka kweli, na nikitembea polepole ili watu waone uchovu wa aina ile.

Shida ilianza na sikukuu ya mavuno. Wakristo wetu hawakuwa na fedha nyingi, lakini mchele walikuwa nao, kwa hiyo sadaka kubwa ya mwaka ililetwa katika vikapu, mchele uliokwisha kutwangwa, kwa sababu Padri hakuwa na kinu. Akina mama walisimama mstari mbele ya ghala, kila mmoja akapimiwa kwa kopo, na Padri mwenyewe akahesabu magunia yalipojaa. Yalikuwa kumi. Fedha za mchele ule zilikwisha kugawanywa kabla haujauzwa: sehemu ya bati za kanisa la kijiji jirani, sehemu ya dawa, na sehemu ndogo ya burudani za vijana, maana mpira wetu wa ngozi ulikuwa umeshonwa mara nyingi hadi ukipigwa kulia unakwenda kushoto. Mimi nilikuwa golikipa wa akiba. Jambo la mpira lilinigusa kuliko bati.

Kazi ya kuuza mchele alipewa katekista, ambaye kwa upande wa mama alikuwa mjomba wangu. Nilimwita Yomba, kama tunavyosema sisi. Alikuwa mtu mpole, mwenye mguu mmoja mkavu tangu siku kengele ya kanisa ilipowateleza yeye na wenzake wakiipandisha mnarani. Ukatekista haukumpa mshahara wa kumlisha mtu, lakini ulimpa kitu kilichokuwa bora kuliko mshahara: hakulazimishwa kulima pamba. Mwanamume mwingine yeyote wa umri wake alikuwa na kipande chake cha pamba, kimepimwa kwa kamba na karani wa bwana shamba, na ole wake palizi ikimshinda. Kulikuwa na jela kwa ajili hiyo, na kulikuwa na fimbo. Yomba, kwa mguu ule, asingemaliza mstari mmoja kabla ya jua kuwa kali. Alilijua hilo. Mkewe, niliyemwita shangazi, alilijua zaidi yake, na kila usiku katika sala zake alimshukuru Mungu kwa katekisimu na kwa kengele pia.

Basi Yomba aliuza mchele sokoni Kasongo siku tatu za soko, akarudi na fedha zote zimefungwa katika kitambaa cha altare kilichochakaa. Kamati ikaitwa. Padri akahesabu, akahesabu tena, akavua miwani.

"Magunia kumi iliingia," alisema. Kiswahili chake kilikuwa na nguvu kuliko sarufi. "Feza ya magunia nane ilitoka. Mbili iko wapi?"

Yomba alijibu bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyeulizwa mvua ilikwenda wapi.

"Ile iliisha mu matabishi, Padri."

Hapo ndipo neno moja lilipoingia chumbani likiwa na maana mbili, na kila mtu akashika ya kwake.

Kwetu sisi matabishi ni ile konzi ya mwisho. Unanunua kopo la mchele, muuzaji analijaza, anakumiminia kikapuni, kisha mkono wake unarudi guniani kuchota konzi moja ya nyongeza, anakutupia juu. Hiyo ndiyo matabishi. Haiandikwi, haihesabiwi, wala hakuna bei inayokamilika bila hiyo. Muuzaji asiyetoa matabishi si mwaminifu zaidi kuliko wenzake. Ni mtu asiyekwenda msibani. Lakini wazungu walilichukua neno hilo wakaliingiza katika Kifaransa chao cha Kongo, na huko likawa jina la sarafu unayomtelezea askari wa kivuko ili gari lako livuke kwanza. Padri alisikia kwa masikio yake mwenyewe, bila kutafsiriwa, kwamba katekista wake ametoa magunia mawili ya mchele wa Mungu kuwa rushwa.

Akawa mwekundu kuliko ndevu zake.

"Matabishi kwa nani?"

"Kwa wote, Padri," alisema Yomba. "Kila mutu alipata yake."

"Wote!"

"Ndiyo. Hata wake wa askari. Sikubagua mutu."

Nikaona ni wakati wa elimu kuingilia kati. Nilisimama, nikarekebisha tai, nikamweleza Padri kwa Kifaransa cha seminari ndogo kwamba katika desturi yetu ya biashara matabishi ni zawadi ya hiari ambayo ni ya lazima.

"Ya hiari na ya lazima kwa pamoja?" aliuliza.

"Ndiyo, mon père."

"Hakuna kitu kama hicho duniani."

Nikatafuta mfano. Nilipaswa kutafuta zaidi. "Kama sadaka ya Jumapili," nikasema.

Mama Mkubwa, ambaye hakujua Kifaransa lakini alijua sura, aliniambia kwa sauti yake ya ng'ambo ya mto, "Kaa chini, mwanangu. Unamumaliza mjomba wako."

Nikakaa. Padri alikuwa na swali jingine, na lilikuwa baya. Aliuliza nani alinunua mchele mwingi kuliko wengine. Yomba akamtaja mwenye duka mmoja wa mjini, mwungwana, Mwislamu wa familia za zamani. Sasa kila mtu katika misioni, hata pikipiki ya Padri, alijua kwamba kila Jumapili alasiri, akishamaliza kufundisha, katekista alipanda polepole hadi barazani kwa mwenye duka yule wakacheza kisolo, wakihamisha mbegu kutoka shimo hadi shimo katika ubao, wakitukanana kwa heshima hadi wakati wa sala ya magharibi, ambapo mmoja alikwenda msikitini na mwingine akarudi kupiga kengele. Ndiyo burudani pekee aliyokuwa nayo. Padri hakuwa ameikataza, kwa sababu hakuona ubaya katika mbegu. Sasa aliuona.

"Anacheza naye," alisema polepole, "na anamupa matabishi."

Siku ile ile Yomba akasimamishwa. Padri, ambaye hakuwa mtu mkatili ila mtu wa utaratibu, alituma habari kwa bwana shamba kwamba katekista fulani hafanyi kazi ya misioni tena, kwa hiyo anaweza kulima kama wengine. Karani wa pamba angekuja kumpimia kipande chake mara tu amalizapo vijiji vya upande wa Lusangi. Shangazi alipopata habari hakulia. Alikwenda kutazama jembe lililoegemea ukutani, akajaribu mpini wake, akaona mrefu mno kwa mtu wa kuinamia upande mmoja.

Vijana wa timu walikuwa wakali zaidi. Waliona mpira wao umeliwa. Yomba akipita, mmoja alipiga kelele, "Mzee Matabishi, tuongezee kidogo!" Wakacheka. Nami nilikuwa pale, golikipa wa akiba na karani wa uangalizi, nikitafuta kwa makini kamba ya kiatu changu.

Jioni nilikwenda kwake kumfariji. Nilimweleza kwamba tatizo ni la lugha, kwamba neno moja linaweza kuwa na historia mbili. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa ile historia yako," alisema, "itanipalilia pamba?"

Miaka mingi baadaye, profesa mmoja alipotufundisha jinsi bei inavyopatikana pale ambapo mstari wa muuzaji unakatana na mstari wa mnunuzi, niliinua mkono nikamuuliza matabishi anaiweka wapi kwenye mchoro ule. Akasema hilo si swali la uchumi. Nikajua kwamba yeye na Padri wangeelewana.

Lakini ghala halikuwa tupu. Makanisa ya mbali, ya upande wa Kabambare, yalichelewa kuleta sadaka yao kwa sababu ya mvua, na wakati huo magunia sita mengine yakashuka kutoka kwenye lori. Muuzaji hakuwepo. Padri akatangaza kwamba atauza mwenyewe, mbele ya Kamati, ili tuone jinsi mali ya Kanisa inavyouzwa bila matabishi.

Soko la Jumamosi ile lilisikia habari mapema. Padri aliweka meza, magunia nyuma yake, kopo mbele yake, na rula ya mti kutoka darasani kwangu. Alijaza kopo, akapitisha rula juu yake kama mwashi anayesawazisha saruji. Hakuna punje iliyopanda wala kushuka. Mnunuzi wa kwanza, mama mmoja mwenye kikapu, alitazama kazi ile kwa hamu. Padri akammiminia. Mama hakuondoa kikapu.

"Na matabishi yangu?"

"Hapana matabishi. Bei iko bei."

"Basi baki na bei yako, Padri." Akamwaga mchele ule ule mezani, kwa upole, akaomba fedha yake.

Wa pili akafanya hivyo. Wa tatu hakufikia hata kutoa fedha. Alisimama pembeni na wenzake wakitazama ile rula. "Anatupimia kama dawa," mmoja alisema. "Asubuhi kijiko, jioni kijiko," akajibu mwingine. Mama Mkubwa, mjumbe wa Kamati, alikaa kwenye kigoda akiangalia kwa bidii yote iliyomo katika neno uangalizi. Nilimwomba kwa macho aseme kitu. Akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo ilifika hadi kwa wauza samaki wa Nyangwe, "Mimi niliambiwa kuangalia. Naangalia."

Karibu na adhuhuri alifika mwenye duka. Alisalimia vizuri, akauliza afya ya Padri na afya ya pikipiki, akachota punje chache akaziviringisha kiganjani.

"Muchele iko muzuri, Padri. Ningebeba magunia mawili leo."

"Beba," alisema Padri. "Bila matabishi."

Mwenye duka akarudisha punje zile guniani moja moja.

"Bila matabishi hiyo si biashara, Padri. Hiyo ni kodi. Na kodi yangu nimekwisha kulipa."

Soko lote lilisikia. Hakuna aliyecheka kwa sauti, maana kulikuwa na askari karibu, lakini mabega mengi yalitikisika. Tulirudi misioni na magunia sita.

Jumamosi iliyofuata ilianza vilevile. Jua lilikuwa kali, shingo ya Padri imeiva, na rula imelala juu ya kopo kama askari aliyesahauliwa zamu. Nadhani tayari alikuwa anawaza habari ya wadudu, kwa sababu kila mara aliinamia gunia akanusa. Ndipo alipokuja bibi mmoja mkongwe, mwembamba, na kikapu kidogo. Alitaka kopo moja tu. Padri akajaza, akasawazisha, akamimina. Bibi hakuomba kitu. Alibaki tu amekishika kikapu wazi, akimtazama usoni bila haraka, kama anayesubiri mtoto amalize kusema sala aliyoisahau katikati.

Padri alitazama kulia. Alitazama kushoto. Kisha akaingiza vidole vitatu guniani, akatoa punje kidogo, akazidondosha kikapuni kwa uangalifu ule ule aliotumia kuweka chumvi kwenye ulimi wa mtoto wakati wa ubatizo.

Bibi akatazama.

"Huyu mutoto hajabatizika bado, Padri," alisema. "Ongeza."

Soko likapasuka kwa kicheko. Akina mama walishikana, mwuza samaki akapiga ubao wake kwa kiganja, na hata askari akageuka kuficha meno. Padri alisimama wima, nami nikafikiri sasa atafunga meza. Badala yake kitu kilitikisika ndani ya ndevu, kikapanda hadi machoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikamwona Padri anacheka. Aliingiza mkono wote. Ulikuwa mkono wa watu waliolima udongo mzito kwa vizazi vingi, mpana kama koleo. Konzi yake moja ilikuwa konzi mbili za Yomba.

"Ubatizo na kipaimara!" alisema bibi, akaondoka.

Habari za mkono ule zilikimbia kuliko lori. Watu waliokuwa wamekwisha kununua mchele kwingine walirudi kununua tena. Mwenye duka alituma mkokoteni. Padri alikunja mikono ya kanzu, akawa anapima, anamimina, anatupa konzi juu, anaitana na watu. "Wewe mama, leta kikapu!" "Wewe, nimekwisha kukupa, usinidanganye!" Akina mama walimdanganya kwa furaha, naye akadanganyika kwa furaha. Rula ilianguka chini ya meza na hakuna aliyeinama kuiokota. Nimeona watu wengi wakipumzika baada ya pale, katika klabu, katika hoteli, katika mikutano ya wasomi ambayo ni mapumziko yenye kadi ya jina kifuani, lakini sijaona mtu aliyepumzika kama Padri alivyopumzika akifanya kazi siku ile.

Jumatatu Kamati ikakaa. Fedha zilimwagwa mezani. Padri akahesabu, akahesabu tena. Mimi nilikuwa na kalamu tayari, lakini sikuwa na ujasiri. Mama Mkubwa alikuwa nao.

"Padri," alisema, "tuliona magunia sita iliingia. Nusu gunia iko palepale ghalani, tumeiona. Ile feza ni ya magunia ine, na hata haifiki. Ingine iko wapi?"

Nje watoto walikuwa wakiimba majedwali ya kuzidisha.

"Iliisha mu matabishi," alisema Padri.

"Aa," alisema Mama Mkubwa. "Kwa nani?"

"Andika kwamba tumeona," Padri aliniambia.

Nikaandika. Nilitegemea kwamba sasa atamwita katekista wake, lakini wakubwa hawageuki kwa kasi hiyo. Alisema atafikiri. Alisema habari imekwisha kwenda kwa bwana shamba, na jambo lililoandikwa lina njia yake. Mama Mkubwa alimjibu kwamba mguu wa katekista pia una njia yake, na njia hiyo haifiki shambani. Kisha akajifunga kitenge chake, akatoka bila kuaga, jambo ambalo hata mimi nilielewa kuwa ni kauli.

Karani wa pamba alifika siku mbili baadaye, na kamba yake ya kupimia begani na kofia ya kaki. Hakwenda moja kwa moja kwa Yomba. Kwa adabu alipita kwanza misioni kumjulisha Padri, akamkuta mlangoni mwa ghala akiziba tundu la panya kwenye lile gunia nusu lililobaki. Mimi nilikuwa nimeshika nyundo. Nyuma ya karani, mbali kidogo, shangazi alikuwa amesimama na jembe. Alikuwa amelikata mpini.

"Nimekuja kwa ajili ya yule mwizi, Padri," alisema karani kwa uchangamfu. "Nimupimie shamba yake."

Padri alilitazama jembe. Alilitazama muda mrefu kuliko alivyotazama fedha.

"Hapana mwizi," alisema. "Ule ni katekista wangu."

"Lakini tuliambiwa alikula muchele."

"Hakula. Alitoa matabishi."

"Hiyo tu?" Karani alishangaa kweli. Akaitua kamba chini, akafuta jasho. Kisha akamsogelea Padri, akateremsha sauti kama watu wazima wanaoelewana. "Sasa Padri, mimi nimetembea tangu asubuhi. Nikirudi na kamba kavu, bwana shamba ataniuliza nilifanya nini. Tunaweza kusema sikumukuta mutu. Lakini na mimi, Padri... matabishi yangu?"

Niliuona uso wa Padri ukilipima lile neno, mara upande wetu, mara upande wa kivuko. Nilifungua kinywa ili nimweleze tofauti. Mungu alinihurumia, nikakifunga.

Karani alikuwa amevua kofia na kuishika kama kikapu. Padri akainama guniani, akachota konzi moja, akaimwaga humo. Karani akaitazama konzi ile, kisha akamtazama Padri.

Padri akaongeza.